Mrejesho: Venice peke yangu

Wadau, niliuliza hapa kama Venice, ule mji wa mifereji kule Italia, inamfaa msafiri wa peke yake. Nimerudi. Mchana daraja la Rialto, lililokamilika 1591, halipitiki. Watu wamebanana bega kwa bega, nikaondoka bila hata picha. Karibu na uwanja wa wazi wa San Marco kahawa moja ilinitoboa mfuko, bado inaniuma. Lakini aliyenishauri niamke alfajiri, Mungu ambariki! Saa kumi na mbili vichochoro vilikuwa vyangu: hakuna gari wala pikipiki, ni maji tu yakipigapiga kuta, na boti zikishusha mizigo ya maduka. Nikafika Ghetto, mtaa waliofungiwa Wayahudi tangu 1516, nikakaa kimya muda mrefu. Kula chakula cha usiku peke yangu ndiko kulikonishinda.