Kamongo ni samaki au ni kitu gani? Mwanangu kakosa swali

mama_wa_tbr: Wakuu habari za jioni, niko Tabora mjini naombeni msaada. Binti yangu wa darasa la sita kaja na daftari la sayansi limepigwa kosa, kaandika samaki wote wanapumua kwa matamvua, mwalimu kaandika pembeni "na kamongo je?" basi, hakuna maelezo mengine. Sasa leo shemeji katuletea kamongo wa ziwa Sagara, nikasema ngoja nimpasue mwenyewe nione, nimekuta mifuko miwili mirefu imelalia mgongoni, nikapuliza mmoja ukajaa kama puto. Matamvua yapo ila kiduchu. Huyu tunamuweka wapi?

mvuvi_kibirizi: Dada hayo ndo mapafu yenyewe. Kamongo mkubwa akinasa kwenye wavu chini akashindwa kupanda kuvuta hewa anakufa maji, samaki anakufa maji umeona wapi 😂 Mke wangu huku Kigoma hata sufuria aliyopikiwa haigusi, anasema ni nyoka yule.

ticha_mstaafu: Nyoka hana mapezi mkuu. Shida mnakamata sifa moja mnakimbia nayo. Ukitaka kujua kiumbe ni wa kundi gani unalinganisha mwili mzima, mfumo kwa mfumo. Kamongo uti wa mgongo anao, magamba anayo ila yamezama kwenye ngozi, mapezi anayo hata kama yamekuwa kama kamba, mayai anatagia majini, mtoto wake akianguliwa ana matamvua ya nje kama kiluwiluwi. Huyo ni samaki. Ila njoo kwenye moyo sasa, hapo ndo patamu. Perege ana vyumba 2, chura 3, sisi na ndege 4. Wa kamongo chumba cha juu kimeanza kugawanyika, kuna ukuta haujakamilika, damu iliyotoka mapafuni inaingilia upande wake. Hata wazungu walichanganyikiwa, ndugu yake wa Amerika Kusini alipoandikwa mwaka 1837 kuna waliomuweka na reptilia kwa ajili ya hayo mapafu. Na kiukoo kamongo yuko karibu na mimi na wewe kuliko alivyo karibu na samaki wa kawaida kama mgebuka.

kijana_wa_mwanga: Kwahiyo nikila kamongo nimekula binamu?? Acheni hizo

ticha_mstaafu: Binamu wa mbali sana, tumeachana miaka kama milioni 400 iliyopita, kula tu. Dada mwambie binti afute "wote" aweke "wengi", hapo jibu limekaa sawa.

mama_wa_tbr: Ahsante sana ticha. Nimemwambia, kanijibu kesho anambebea mwalimu ule mfuko mmoja nisiutupe, nimeuweka kwenye kopo la chumvi. Mwingine paka kashaondoka nao.

mvuvi_kibirizi: Na nyama je?

mama_wa_tbr: Iko jikoni kaka, na shemeji haondoki.