Bodi ya shule yetu inapiga kura kuhusu hijabu. Naombeni mawazo kabla ya kikao

MzaziMeru

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni Mkristo, mzee wa kanisa, na ni mwakilishi wa wazazi kwenye bodi ya shule ya sekondari ya kutwa katika Kaunti ya Meru. Shule ni ya serikali, mdhamini ni kanisa langu. Mji wetu uko kwenye barabara ya kwenda Isiolo, kwa hiyo darasa moja lina watoto wa Wameru, Waborana, Wasomali na Waturkana.

Muhula huu wasichana wa Kiislamu wameagizwa kuvua hijabu langoni. Wanakuja wamejifunga, wakimfikia askari wa lango wanaikunja na kuitia mkobani, jioni wanajifunga tena wakishatoka. Wawili walikataa, wakarudishwa nyumbani. Wazazi wao wameandika barua na bodi imetakiwa iamue.

Katika kikao kilichopita nilisikia hoja tatu: sare ni sare, ardhi ni ya kanisa, na Mahakama ya Juu ilishapiga hijabu marufuku. Nilipouliza maswali, mjumbe mmoja akaniuliza kama nimesahau Garissa. Sijasahau. Watu 148 waliuawa katika chuo kikuu kile Aprili 2015, na wauaji walikuwa wakiwatenga Wakristo ili wawaue. Nililia kama Mkenya mwingine yeyote. Lakini msichana wa miaka kumi na mitano anayekuja kwa miguu kusoma kemia hajaua mtu, na siko tayari kumtwika dhambi ya al-Shabaab eti kwa sababu anasali kama wanavyodai wao kusali.

Naomba anayejua sheria anieleze hukumu ile ilisema nini hasa. Na aliyesoma shule ya namna hii akiwa Mwislamu, aniambie ilikuwaje.

---

WakiliMdogo

Mzee, hoja ya tatu ndiyo inayopotosha watu wengi, kwa hiyo nitaanza nayo.

Kesi ilitoka jirani na kwenu, Isiolo, shule ya St. Paul's Kiwanjani. Mwaka 2014 wasichana wa Kiislamu waliomba kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa la Methodisti, ambalo ndilo mdhamini, likaenda mahakamani kupinga. Mahakama Kuu ikalipatia kanisa ushindi Machi 2015, kwa maoni kwamba kuwaruhusu hao ni kuwabagua wengine. Mzazi mmoja, Bwana Fugicha, akakata rufaa, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikageuza uamuzi. Hapo ndipo pana hoja nzito kuliko zote: kanuni inaweza kusomeka sawa kwa kila mtoto, kisha ikamuumiza wa dini moja tu. Anayevaa sketi na sweta hapotezi chochote. Mwenzake anaambiwa achague kati ya shule na imani.

Januari 2019 Mahakama ya Juu ikatengua hukumu ya Rufaa. Lakini soma kwa nini. Iliona kwamba Fugicha, aliyeingia kesini kama mtu mwenye maslahi tu, hakuleta dai lake kwa njia inayokubalika kisheria. Majaji hawakusema kwamba hijabu ni haramu shuleni. Walisema shule zina haki ya kujiwekea kanuni za mavazi, na wakataka wahusika waketi wazungumze. Kwa hiyo mjumbe wenu anayesema mahakama imeshawaamulia anajivua mzigo ambao bado uko mezani kwenu.

Hoja ya ardhi nayo ina jibu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inampa mdhamini malezi ya kiroho ya shule, ila katika sentensi hiyo hiyo inamtaka alinde imani za wengine. Katiba, Ibara ya 8, inasema nchi haina dini ya taifa. Ibara ya 32 inakataza kumnyima mtu nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya dini yake, na inakataza kumlazimisha atende jambo lililo kinyume na imani yake. Kuvua langoni ni kitendo, Mzee.

---

Kamau_N

Mimi natofautiana nanyi na ninasema kwa moyo safi. Nimefundisha miaka mingi. Sare ndiyo kitu pekee kinachomfanya mtoto wa mwenye duka na mtoto wa kibarua wasijulikane. Ukifungua mlango kwa mmoja, kesho anakuja wa dhehebu la Akorino na kilemba, keshokutwa Rasta na nywele zake. Mwalimu mkuu ataongoza vipi? Na mzazi aliijua shule kuwa ya kanisa kabla ya kumleta mtoto.

---

HalimaWaKina

Mwalimu Kamau, shikamoo. Hao Rasta unaowataja walishakwenda mahakamani. Septemba 2019 Mahakama Kuu iliamuru msichana mmoja wa shule ya Kibera arudishwe darasani na nywele zake. Shule ile haikuanguka.

Mzee wa Meru, umeuliza ilikuwaje. Mimi nilisoma shule ya kanisa, sitaitaja. Wazazi wangu hawakuichagua kwa kuipenda, wizara ndiyo iliyonipanga pale. Kuvua langoni nilizoea mwili, moyo haukuzoea. Kilichoniumiza zaidi ni gwaride la asubuhi. Tulitakiwa kuimba tenzi za rohoni, na naibu wa mwalimu mkuu alikuwa akipita kwenye mistari akitazama midomo. Nilijifunza kuchezesha midomo bila sauti. Nikifika nyumbani sikumwambia baba, kwa sababu angenitoa shule na mimi nilitaka kuwa muuguzi.

Leo ni muuguzi, nafunga hijabu yangu wodini, nahudumia Wakristo na Waislamu, na hakuna mgonjwa aliyewahi kukataa sindano kwa sababu ya kitambaa. Shuleni kwangu walikuwemo pia walimu Wakristo waliotufungulia chumba kidogo tusali adhuhuri, kimyakimya, wakijua wanaweza kuulizwa. Hao nawaombea mpaka leo.

---

MwalimuWajir

Mimi ni Mkristo, nilifundisha kaskazini. Huko binti yangu aliambiwa afunike kichwa ndiyo akubaliwe katika shule ya wadhamini Waislamu. Tulikataa, tukahangaika. Kwa hiyo mnaposema haya, yasemeni na kwa upande ule.

---

MzaziMeru

Nimesoma yote na nimeandika kwenye daftari.

Mwalimu wa Wajir, uko sahihi kabisa, na sentensi yako nitaisoma mbele ya bodi. Kifungu kile kile kinachomlinda binti Mborana hapa Meru ndicho kinachomlinda binti yako kule. Mkristo anayetaka mwanawe asilazimishwe kufunika kichwa hana mdomo wa kumlazimisha mwingine afunue.

Mwalimu Kamau, hoja yako ya mtoto wa kibarua naiheshimu. Lakini hijabu nyeupe isiyo na mapambo haimwonyeshi nani tajiri. Kuhusu kuwa mzazi aliijua shule, Halima ameshajibu: watoto wanapangwa. Na fedha ni za nani? Kiwango cha serikali kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kilitangazwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka, na walimu wengi wanalipwa na Tume ya Kuajiri Walimu. Anayeuza maziwa ya ngamia pale stendi analipa ushuru ule ule ninaolipa mimi kwenye duka langu la vifaa. Kanisa letu lilitoa ardhi na nyumba ya kwanza, jambo jema sana. Halikununua dhamiri za watoto watakaosomea pale.

Binti Halima, habari ya kuchezesha midomo imenitia uchungu. Mimi nimeongoza ibada katika gwaride lile la shule yetu. Wimbo wa mtu anayeogopa kutazamwa mdomo si sifa kwa Mungu yeyote.

Nitapeleka pendekezo hili: hijabu nyeupe au ya rangi ya sweta, ncha ziingizwe ndani ya sweta, na katika maabara ifungwe nyuma ili isikaribie moto. Wale wawili warudi Jumatatu, wapewe masomo waliyokosa. Ibada ya asubuhi iwe kwa anayetaka, wengine wasome darasani na mwalimu wa zamu. Mwenyekiti atakasirika, tunasali kanisa moja na ni rafiki yangu, lakini nataka jina langu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

---

HalimaWaKina

Mungu akujaze kheri, Mzee. Ongeza na suruali ya kuvaa chini ya sketi. Wasichana wengi wa Kiborana hawataki miguu wazi, na ile kesi ya Isiolo ilikuwa na mambo yote mawili. Bodi ikiandika hijabu peke yake, mwakani mtaketi tena kwa jambo hilo hilo. Na hao wawili wakirudi, mwombe mwalimu mkuu mwenyewe awapokee langoni, si askari.