Hewa ukaa ikizidi, mkonge na mpungate vitatumia maji kidogo?

Mkulima_Magu
Wakuu, heshima kwenu. Inasemwa hewa ukaa ikiongezeka mimea hutumia maji kidogo. Nataka kupanda mkonge na mpungate (dungusi kakati) kwenye changarawe huku Magu, kando ya Ziwa Victoria. Je, nilitegemee hilo kiangazi? Na matumizi ya maji naweza kuyapima bila maabara?

Jani_Bichi
Ni kweli, lakini usilitegemee. Jani huingiza hewa ukaa na kupoteza maji kupitia vitundu vilevile, stomata. Kabla ya viwanda hewa ukaa ilikuwa kama sehemu 280 kwa milioni, leo imepita 420. Ikiwa nyingi, jani hushiba hata vitundu vikibana, kwa hiyo kila gramu ya sukari hugharimu maji machache. Tatizo ni kwamba mvuke ndio unaopoza jani. Vitundu vikibana jani hupata joto, na joto hilo huvuta maji kwa nguvu zaidi. Tena mmea ulioshiba huongeza majani, na kila jani linapoteza maji yake. Udongo waweza kukauka vilevile.

Mbuga_Kavu
Naongezea. Vipande vya majaribio katika Jangwa la Mojave, Nevada, Marekani, vilipuliziwa hewa ukaa hadi sehemu 550 kwa milioni kuanzia 1997 hadi 2007. Mwaka 1998 wenye mvua nyingi, machipukizi ya kichaka cha Larrea tridentata yaliongezeka maradufu. Mwaka wa ukame, hakuna nyongeza. Walionufaika kupita mimea ya mwaka mmoja ya asili ni nyasi vamizi, ambazo zikikauka huwa kuni za moto. Hewa ukaa haileti mvua, ndugu yangu.

Shamba_Darasa
Mkonge na mpungate hufungua vitundu hasa usiku, huweka hewa ukaa kama asidi, kisha mchana huitumia vitundu vikiwa vimefungwa. Hilo ndilo la kutegemea, na unaweza kulipima.

Tafuta chungu cha lita 2 na mizani ya jikoni ya kilo 5 inayosoma gramu 1. Mwagilia mche hadi maji yatoke chini, acha yachuruzike, kisha ziba matundu ya chini na ufunike udongo kwa nailoni, ukiifunga vizuri shinani. Weka cha pili kisicho na mmea, ili ujue nailoni inavuja kiasi gani. Pima saa 12 asubuhi, saa 10 jioni na saa 12 jioni. Gramu 1 iliyopungua ni mililita 1 ya maji.

Usiku wa kando ya ziwa una unyevunyevu, upungufu utakuwa mdogo, kwa hiyo jumlisha siku tatu. Futa umande kabla ya kupima, la sivyo uzito utapanda. Ukiona upungufu kati ya saa 10 na 12 jioni usishtuke: mkonge wenye maji ya kutosha hufungua vitundu mapema. Weka na mche wa mahindi pembeni, utaona karibu maji yake yote yanatoka mchana.

Changarawe yako inafaa. Mbuga la udongo mweusi linalotuama maji ndilo la kuepuka, mizizi ya mkonge huoza humo.