Draiva yangu ya I2C imerudi na maoni kibao, niwajibuje wakaguzi?

FundiSolda: Wakuu, heshima kwenu. Nimeandika draiva ya sensa ya joto inayokaa kwenye basi ya I2C (nyaya mbili ambazo chipu huwasiliana kupitia kwazo), nikaituma kwa watunzaji wa kerneli, yaani kiini cha Linux. Mkaguzi mmoja anataka nifute kodi yangu ya kusoma rejista (visanduku vya data ndani ya chipu), nitumie regmap, maktaba ya kerneli ya kazi hiyo hiyo. Mwingine anasema intarapti (kodi inayoitwa ghafla chipu ikitoa ishara) inasoma sensa mahali pasipofaa. Hayo sina ubishi nayo. Kinachonitatiza ni msleep(50), yaani kusubiri milisekunde 50, niliyoweka baada ya kuiwasha upya sensa: wameandika chini yake "Kwa nini?" basi. Datashiti (hati ya mtengenezaji wa chipu) inasema wazi kwamba chipu haijibu kabla ya muda huo kuisha. Nitume tu toleo la pili la pachi (faili la mabadiliko ya kodi), au nijibu kwanza? Sitaki nionekane mbishi kwa watu walionizidi.

BintiMakorora: Jibu kwanza, kaka. Ujumbe uwe maandishi matupu, jibu likae chini ya mstari ule ule ulioulizwa, maneno yao mengine yasiyohusika kata. Kueleza sababu si ubishi hata kidogo. Ila jibu la barua pepe peke yake halitoshi. Ameuliza kwa kuwa kodi haikumwambia, na atakayeifungua miaka mitano ijayo atauliza hivyo hivyo, au ataifuta hiyo msleep akidhani haina kazi. Mwongozo wa kerneli wenyewe unataka swali lisilobadilisha kodi liache maelezo ndani ya kodi au kwenye ujumbe wa pachi.

Mzee_wa_Rejista: Hilo la intarapti usilipitie juu juu, mdogo wangu. Piga hesabu: kusoma rejista ya biti 16 ni baiti tano kwenye waya, pamoja na anwani inayotumwa mara mbili. Kila baiti inakula mapigo tisa ya saa ya basi, kwa hiyo kwa kHz 100 ni karibu nusu milisekunde. Muda wote huo kodi ya I2C inaweza kulala (kusimama ikisubiri), na ndani ya intarapti yenyewe kulala ni marufuku. Hamia request_threaded_irq(), inayopeleka usomaji kwenye uzi wa pembeni unaoruhusiwa kulala, na uweke IRQF_ONESHOT, inayofunga laini ya intarapti hadi uzi umalize, la sivyo laini inayobaki chini itakupigia tena kabla uzi wako haujamaliza kusoma.

Kibo_dev: Naongezea. Yale unayokubali, mimi huwa siandiki "sawa" kila mstari, nayataja kwenye orodha ya mabadiliko chini ya vile vistari vitatu vya pachi.

BintiMakorora: Hapo tunatofautiana, Kibo. Mgeni akikaa kimya, mkaguzi hajui kama amesomwa. "Sawa, nitarekebisha" inachukua sekunde. Pia FundiSolda, usikimbilie toleo la pili leo leo, wape wengine nafasi ya kusoma. Kukikaa kimya zaidi ya wiki ndipo ukumbushe.

FundiSolda: Asanteni sana. Maelezo ya juu ya msleep nimeyaandika, kwa Kiswahili ni hivi: "Subiri sensa iwe tayari baada ya kuwashwa upya, kama datashiti inavyosema."

Mzee_wa_Rejista: Bado. Datashiti ipi, toleo lipi, jedwali gani? Andika pia kinachotokea usiposubiri: chipu haitoi ACK (ishara ya kukiri imepokea) na probe, hatua ya draiva kuianzisha chipu, inafeli. Hapo hakuna atakayeigusa.