Naomba ushauri: foliki asidi (vitamini inayosaidia kumkinga mtoto na mgongo wazi) kabla ya mimba, nimeze ya miligramu ngapi?

Habari zenu wapendwa. Niko Uyole, Mbeya. Nimeshatoa kijiti, mimi na mzee tunatafuta mtoto.

Wifi yangu alijifungua mtoto mwenye mgongo wazi. Kliniki alianza mimba ikiwa ya miezi minne, kama wengi wetu huku. Kumbe mfereji unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga kama siku 28 tu baada ya mimba kutungwa, wakati wengine hata hatujajua kama tumeshika! Vile vidonge vya kliniki vya kuongeza damu vina foliki, ila hapo vinakuta kazi imeshapita.

Sasa shida yangu. Duka la dawa Mwanjelwa nimepewa vya miligramu 5. Ninavyojua, kawaida ni 0.4 kwa siku, kuanzia angalau mwezi kabla hadi wiki ya 12. Ile 5 ni kwa walio kwenye hatari zaidi, mfano aliyewahi kuzaa mtoto wa hivyo au anayetumia dawa za kifafa. Muuzaji kanijibu "zote sawa tu dada" huku anahesabia mteja mwingine panadoli.

Je, mtoto wa wifi, yaani damu ya mume wangu, ananiingiza kwenye kundi la 5? Na za 0.4 zinapatikana wapi hapa mjini?

Maharage na figiri tunakula sana, lakini unga tunasaga wenyewe mashineni, haujaongezwa foliki. Mama mkwe naye ananicheka, eti nameza dawa za mimba isiyokuwepo. Manesi na wafamasia mliomo, nisaidieni.