Pipa la nne limekwama, na mama anataka matufaha ya moto

Kutoka: Dada wa Tabata (zamani Minneapolis)

Wanajamvi, habari za siku nyingi. Mnajua nilirudi nyumbani jumla mwezi Machi, baada ya miaka 14. Mlionisindikiza uwanjani mtakumbuka nilikuwa nacheka huku nalia. Sasa nalia tu.

Mapipa yangu manne yaliingia Dar wiki tatu zilizopita. Matatu nimeyapata. La nne, la vyombo vya jikoni, limezuiwa kwa ajili ya presha kuka yangu ya umeme. Kijana wa dirishani pale forodha aliiona kwenye orodha akasema, "Mama, hiki ni chombo cha presha, kinataka cheti cha ukaguzi." Nikamwambia mwanangu, hiyo ni sufuria ya maharage. Akanijibu, sufuria gani ina saketi ndani? Nimekwenda mara nne, na kila safari napelekwa dirisha jingine. Wakala wangu anasema TANSAD (ile hati ya tamko la forodha) iko sawa, TIN iko sawa, barua ya kuhama ipo. Wao wanataka CoC, yaani hicho cheti cha ukaguzi wa ubora. CoC ya kitu nilichokipikia miaka saba, kifuniko chake kina madoa ya manjano mpaka leo!

Swali langu ni moja. Nani hapa amepitisha kifaa cha umeme kilichotumika, kwa ule msamaha wa ushuru wa anayehamisha makazi, na alijaza fomu gani?

Haraka yangu ni mama. Alipokuja kwangu baridi ya 2019, chakula cha kule kilimshinda chote isipokuwa matufaha ya moto ya viungo niliyokuwa nampikia kwenye presha hiyo. Leo meno yamebaki matatu, na kipupwe hiki kila jioni anauliza, "Yako wapi yale matunda yako ya kwenye barafu?"

Kutoka: Mzee wa Houston

Pole sana binti yangu. Hayo ndiyo yaliyonikuta mimi 2011 na gari. Msamaha unaousema uko kwenye Jedwali la Tano la sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, na sharti lake uwe umemiliki kitu mwaka mzima. Una risiti? Mimi yangu niliipoteza. Gari likakaa pale miezi mitano, gharama za kuhifadhi zinapanda, betri ikafa, tairi moja likaondoka lenyewe (tairi lina miguu, sikuwahi kujua). Mwishowe nililiuza palepale nikapanda daladala kwenda Mbagala. Tafuta risiti.

Kutoka: Wakala Mstaafu, Temeke

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, usimpoteze dada. Ule mwaka mmoja ni wa GARI. Vyombo vya nyumbani vinatakiwa viwe ulikuwa ukivitumia kule ulikotoka, basi, na mzigo ufike ndani ya siku 90 tangu ulipotua, labda uwe umeombewa kuongezewa muda. Watu wanasoma kifungu cha gari wanakipachika kwenye vijiko. Dada, ulitua Machi tarehe ngapi? Kesi yako iko hapo, si kwenye presha.

Kutoka: Mpemba wa Leicester

Asalaam alaykum. Kabla hamjafika mbali: hilo analolisema dada ni epo. Tufaa kwetu ni lile jekundu la majimaji, lina kokwa moja kubwa katikati, mti wake ukimwaga maua chini panakuwa kama pamemwagwa unga wa pinki. Halina haja ya presha wala ya moto. Unalila umekaa chini ya mti na shati lako linaharibika.

Na huo mdalasini mtautoa wapi? Mwingi wa madukani huko ni yale magome mazito, magumu kama kuni. Mdalasini wetu una gome jembamba linajikunja kama karatasi ya sigara. Ndugu yangu alinitumia kifurushi, kikafika Leicester kimefunguliwa na kimefungwa tena kwa gundi ya ofisi. Karafuu zote zimo, mdalasini umepungua nusu.

Kutoka: Fundi wa Columbus

Hata wakikupa leo, dada, usiichomeke ukutani. Huku ni volti 120, huko ni 230. Kwenye koili ya joto umeme ukikaribia kuwa mara mbili, nguvu inakaribia kuwa mara nne. Sufuria ya wati 1,000 itataka kuvuta zaidi ya wati 3,600. Haitavuta kwa muda mrefu. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme, na ya wati 1,000 kwa sufuria ya wati 1,000 haitoshi, chukua ya 2,000. Ni nzito kama tofali na inaunguruma usiku kucha ukisahau kuizima. Ile adapta ndogo ya kubadilisha plagi haishushi chochote. Narudia: HAISHUSHI. Mimi niliua blenda ya shangazi yangu Ubungo hivyohivyo, na kila nikipiga simu ananiuliza hali yake.

Kutoka: Mama Pacha, Reading

Jamani dada aliuliza fomu. Mimi fomu siijui, ila matufaha nayajua. Shuka Kariakoo ununue presha kuka ya kawaida ya kuweka kwenye gesi, ile yenye kizito cha kupiga filimbi. Epo sita, kata kila moja vipande vinne vinene, usimenye. Maji nusu kikombe, kijiti cha mdalasini, karafuu nne TU, iliki tatu ulizozipasua, kipande cha tangawizi, sukari vijiko viwili, ndimu nusu. Funga. Ikipiga filimbi ya kwanza zima moto, acha dakika kumi ishuke yenyewe. Mama atakula kwa kijiko.

Kutoka: Muuguzi wa Oslo

Dada Mama Pacha, samahani, hapo kwenye presha ya gesi utamuunguza mtu. Epo zikisagika zinatoa povu, na povu linapanda kuziba kile kitundu cha mvuke. Vijitabu vya presha za gesi vinakataza kabisa rojo la matufaha kwa sababu hiyo. Nimewahi kumfunga bendeji jirani yangu aliyelazimisha kifuniko. Uji ule, si epo, lakini povu ni povu.

Njia salama: maji vikombe viwili chini ya presha, weka kile kisahani chenye miguu, juu yake bakuli la bati lenye epo na viungo vyote, ulifunike kwa foili. Povu likitoka linabaki bakulini. Kwa kuwa joto linapitia kwenye bakuli, filimbi moja haitoshi, iachie dakika tano au sita kwa moto mdogo. Na usifungue mpaka kizito kinyanyuke bila kupumua.

Kutoka: Mama Pacha, Reading

Nimepika hivyo miaka tisa na kitundu hakijaziba.

Kutoka: Muuguzi wa Oslo

Hata jirani yangu alisema miaka mingi.

Kutoka: Mzee wa Houston

Na epo zenyewe mnazozililia zinatoka Afrika Kusini! Mmesahau Aprili 2025 Bashe, Waziri wa Kilimo wa wakati ule, alivyofunga mlango kwa mazao ya Afrika Kusini na Malawi? Wao ndizi zetu walikuwa wamezikataa, sisi tunawapangia epo zao mezani kama maua. Nilimuunga mkono siku ile na namuunga mkono leo.

Kutoka: Fundi wa Columbus

Mzee, ile marufuku ilidumu siku ngapi? Hata epo zilizokuwa kwenye majokofu ya Kariakoo hazikuwa zimeisha ikafutwa.

Kutoka: Msambaa wa Toronto

Kwani lazima za Afrika Kusini? Lushoto zipo, Njombe zipo. Za Lushoto ni ndogo, chachu kidogo, ngozi ina makovu, na ndizo nzuri kwa kupika kwa sababu hazijilegezi haraka. Mwezi wa kwanza ukipanda basi kutoka Mombo, pale Soni wanakuletea dirishani kwenye vikapu, plamu na mapeasi na matufaha (ndiyo Mpemba, MATUFAHA), unanunua ya elfu tano huku dereva anapiga honi, unafika nyumbani mapaja yamelowa juisi. Hapa Toronto epo zimepakwa nta zinang'aa kama viatu vya polisi. Sijaenda tangu 2017. Bibi alizikwa sikuwepo.

Kutoka: Mpemba wa Leicester

Pole, ndugu yangu. Allah amrehemu.

Kutoka: Mzee wa Houston

Pole kijana. Na mimi la baba yangu nililisikia kwenye simu. Halafu watuambie tusubiri uraia pacha! Ukichukua pasi ya huku umekuwa mgeni, unapanga foleni ya viza ukazike mzazi wako. Mimi nasema

Kutoka: Msimamizi wa jamvi

Mzee shikamoo. Uraia pacha una uzi wake, una majibu zaidi ya mia nne, tafadhali tuuendeleze kule. Hapa ni pipa la dada.

Kutoka: Dada wa Tabata

Asanteni wote. Nimeazima presha ya jirani, nimefanya kama alivyosema Muuguzi, bakuli ndani ya presha. (Mama Pacha usinune, nimefuata vipimo vyako.) Epo nilinunua kwa kijana wa toroli pale Tabata Relini, mbili zilikuwa zimeoza upande wa chini aliouficha. Mdalasini ulikuwa wa kuni, Mpemba nisamehe.

Mama alikula bakuli zima, akalamba kijiko, akakaa kimya. Nikamuuliza vipi. Akasema, "Siyo haya. Yale nilikuwa nayala nimejifunika blanketi, natazama theluji." Nikamletea blanketi. Akanitazama kama mwendawazimu, jasho linamtoka, lakini akajifunika. Ameomba tena kesho.

Jumatatu narudi dirishani. Kijana yule kahamishwa, sasa yuko dada mmoja, anasema cheti si lazima ila orodha yangu ya vitu ianze upya kwa fomu nyingine. Jina la fomu hakulikumbuka. Wanajamvi, nauliza tena, fomu gani?

Kutoka: Mzee wa Houston

Risiti ulitafuta?

Kutoka: Mpemba wa Leicester

Dada, nina mtu anakuja Dar tarehe 12, nimempa mdalasini robo kilo. Muache mama aonje wa haki.

Kutoka: Wakala Mstaafu, Temeke

Dada, kwa mara ya pili: ulitua Machi tarehe ngapi?