Naomba ushauri: RX-8 inakatakata ikipata moto, nashuku nyaya za sensa

Habari zenu wadau. Nina Mazda RX-8 hapa Nakuru, injini ya rota 13B (ina rota 2 zinazozunguka badala ya pistoni). Asubuhi inawaka bila shida. Ikishapata moto inakatakata na kulipua kwenye ekzosi, hasa nikipanda kwenda Milimani. Nimeweka plagi mpya zote 4, nikahamisha koili kutoka rota moja hadi nyingine, lakini tatizo halikuhama nazo. Sensa ya shafti, ile ya karibu na puli ya mbele inayoiambia kompyuta ya gari shafti iko wapi ili cheche itoke kwa wakati, ina nyaya 2. Moja iliungwa zamani kwa tepu na shaba imeota kijani. Fundi anasema nyaya zimepishana, yaani kila moja imeungwa mahali pa mwenzake. Mimi nalaumu hicho kiungo.

Je, zikipishana kweli, cheche hutoka nje ya wakati hata injini ikiwa baridi? Na bila osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme), nipime wapi kwa mita ikiwa bado moto?